Hadithi Zilizofika Goma Bila Mwisho

Watu wa rika langu hapa Goma tulikulia kwenye hadithi zenye mwanzo tu. Nazungumzia bede, hadithi za picha, vile vitabu vya jalada gumu na kurasa zisizofika hamsini ambavyo Wabelgiji na Wafaransa wamevifanya sanaa kamili. Mimi ni mwalimu wa historia, na kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi habari za mikataba, vita na marais. Lakini kilichonifungulia macho juu ya historia ya mji huu ni njia ambayo vitabu hivyo vilipita hadi kutufikia, na sababu zilizofanya juzuu za mwisho zipotelee njiani. Kila juzuu iliyokosekana ina tarehe yake, na karibu kila tarehe hiyo ninaiandika ubaoni darasani kwa sababu nyingine.

Kabla ya uhuru, hadithi ya picha iliyofika mikononi mwa Waafrika wa Kivu ilikuwa ile ya familia ya Mbumbulu. Ilitoka katika Nos Images, gazeti la picha ambalo idara ya habari ya serikali ya kikoloni ilianza kulichapa Léopoldville mwaka 1948, kwa Kifaransa pamoja na lugha zetu, Kiswahili kikiwamo. Mbumbulu alikuwa baba mwenye kazi, mke na watoto, na kila kisa chake kilikuwa somo: usafi, akiba, heshima kwa mkubwa. Mwaka 1956 visa mia moja vya familia hiyo vilikusanywa katika kitabu kimoja. Vilikuwa vifupi, kila kimoja kikianza na kwisha palepale kwenye ukurasa wake. Mkoloni hakumwachia msomaji wake Mwafrika swali la kulala nalo.

Watoto wa walowezi walikuwa na chakula kingine. Wao walipokea Spirou, lililoanza Ubelgiji mwaka 1938, na gazeti la Tintin, lililoanza mwaka 1946, na humo hadithi zilikatwa vipandevipande, shujaa akiachwa ukingoni mwa jabali hadi wiki inayofuata. Wazee waliofanya kazi za nyumbani kando ya ziwa, huku Goma na kule Kisenyi, wamenisimulia jinsi walivyoyapindua magazeti hayo wakati wa kufagia, bila kujua kusoma, wakifuata picha. Mmoja aliniambia alimfahamu Milou, mbwa wa Tintin, kabla ya kumfahamu gavana.

Baada ya uhuru tukapata yetu. Mwaka 1968, Kinshasa, Freddy Mulongo na Achille Ngoye walianzisha Jeunes pour jeunes, gazeti la bede lililochorwa na Wakongo kwa ajili ya Wakongo, na wahusika wake, polisi Apolosa na kijana Sinatra, wakizungumza hindubill, lugha ya vijana wa mitaani wa mji mkuu. Karibu na mwaka 1970 gazeti la Zaïre lilichapa upya hata Tintin ya Kongo, na watu wakaisoma. Jeunes pour jeunes likabadilishwa jina likawa Kake, kisha likafa. Hapa Goma nakala zake zilifika kwa kubahatisha, kwenye begi la askari au la mfanyabiashara aliyeshuka kwenye ndege. Kati yetu na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,500, na barabara ya kuziunganisha haipo hadi leo. Tulisoma toleo moja, tukaruka manne, tukapata la sita bila jalada.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa Wazaire. Wanahistoria wameandika mengi juu ya yale mashamba ya kahawa na chai ya Kivu yaliyogeuka pori chini ya wenye mali wapya. Wachache wameandika juu ya vitabu. Maduka yaliyokuwa yakiagiza magazeti kutoka Ubelgiji yalipewa watu waliouza kilichokuwa rafuni na hawakuagiza kingine. Wakati huohuo walowezi walikuwa wakifunga mizigo, na maktaba za nyumbani hazibebeki kwa urahisi. Ndivyo ulivyoanza msimu wa pekee wa bede mjini hapa: kwa miaka miwili mitatu zilimwagika kutoka kwenye nyumba za wazungu hadi mtaa wa soko wa Birere, zikauzwa chini pamoja na vyungu na koti za baridi, na baada ya hapo bomba likakauka.

Baba yangu alikuwa karani katika shamba la kahawa upande wa Masisi. Mwenye shamba alipoondoka alimwachia sanduku la mbao la sabuni lililojaa karatasi. Mama alitaka kuwashia moto. Ndani yake mlikuwa na matoleo ya gazeti la Kifaransa la Pilote, yasiyofuatana, na albamu tatu za Valérian: La Cité des eaux mouvantes ya mwaka 1970, L'Empire des mille planètes ya mwaka 1971 na Bienvenue sur Alflolol ya mwaka 1972. Sikujua kwamba nilikuwa nimepewa mlango wa hadithi ambayo ingechukua miaka arobaini na mitatu kumalizika.

Kwa asiyeifahamu: Valérian ni wakala wa Galaxity, mji mkuu wa Dunia ya karne nyingi zijazo, na kazi yake ni kusafiri katika anga na katika wakati. Mwenzake ni Laureline, msichana aliyemkuta Ufaransa ya karne ya kumi na moja, mwerevu na jasiri kuliko yeye. Mwandishi ni Pierre Christin, mchoraji Jean-Claude Mézières, na rangi ni za Évelyne Tranlé, dada yake Mézières. Hadithi ilianza katika Pilote tarehe 9 Novemba 1967. Wanaume hao wawili walizaliwa mwaka mmoja, 1938, na walikutana wakiwa watoto, katika handaki walilojifichia na wazazi wao wakati Paris ilipopigwa mabomu. Nilipolisoma jambo hilo, ukubwani, nilielewa kwa nini katika vurugu zote za anga walizochora, macho yao huwa kwa watu wanaobeba mizigo wakikimbia, mara chache kwa majemadari.

Mchwa walikuwa wameila L'Empire des mille planètes. Kurasa za mwisho hazikuwapo. Na kati ya vitabu vyote duniani, kile hakikustahili kuliwa mwishoni. Katika sayari ya Syrte, Valérian na Laureline wanakuta dola ya sayari elfu moja. Wafalme wamechoka, na nguvu halisi iko kwa Wajuzi, watu wanaovaa helmeti za chuma zinazofunika uso mzima. Hadithi yote inakwenda kwa swali moja: nani yumo ndani ya helmeti zile?

Kutokana na hitaji la kujua mwisho ulizaliwa utaratibu ambao nimeukuta baadaye kwa watu wa Katindo, Himbi na hata Bukavu, kila mtaa na sheria zake. Sisi tuliuita kumalizia. Jioni, kwenye ukuta wa mabanga, yaani mawe, mbele ya nyumba, msomaji aliketi na kitabu magotini, kidole kikipita juu ya picha, akitoa Kifaransa na kuweka Kiswahili cha Goma. Wengine walisimama nyuma ya mabega yake, mikono imeshaoshwa. Aliyefika kwenye ukurasa wa mwisho uliopo hakuruhusiwa kukifunga kitabu. Alipaswa kumalizia. Na tulikuwa wakali. Hukuruhusiwa kuleta mtu mpya. Hukuruhusiwa kumuua Laureline. Zaidi ya yote, mwisho ulipaswa kutokana na kitu kilichochorwa mapema na hakijatumika: kisu kilichoning'inia ukutani ukurasa wa nne, mtoto aliyechungulia dirishani ukurasa wa tisa. Aliyekiuka alizomewa, na kitabu kikapewa mwingine.

Yaya wangu, kifungua mimba wa nyumba yetu, ndiye aliyekuwa bingwa. Yeye alisema ndani ya helmeti hamna mtu; ni giza lililojifunza kutembea. Kijana mmoja wa jirani alisema Wajuzi ni wafalme waliokufa wanaokataa kuachia kiti, na mwisho huo tuliupenda sana, kwa sababu tulikuwa na umri wa kuelewa bila kutaja jina. Nilipopata nakala nzima miaka mingi baadaye nikakuta Wajuzi ni watu wa Dunia, mabaki ya msafara uliopotea, nyuso zao zimeharibika, wanainyonya Syrte huku wakitengeneza kisasi. Nakiri kwamba mwisho wa Christin ulinitikisa kuliko yetu. Waliowakalia watu wa Syrte shingoni walikuwa wametoka upande wetu.

Albamu ya kwanza nayo ilikuwa na namna yake ya kututisha. Humo New York imezama; ni mwaka 1986, na mlipuko wa nyuklia kwenye ncha ya kaskazini umeyeyusha barafu. Waandishi waliichagua tarehe hiyo mwishoni mwa miaka ya 60, ilipokuwa mbali. Sisi tuliisoma miaka ya 80, ikikaribia. Na mwaka wenyewe ulipofika maji yaliua kweli, ila si New York. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos la Kamerun lilitapika wingu la kaboni dioksidi lililoua watu zaidi ya 1,700 wakiwa usingizini. Habari ilitufikia kwa redio. Hapa kila mtu anaijua mazuku, ile hewa mbaya inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi na watoto, na baada ya Nyos wataalamu walianza kusema kwa sauti kwamba ziwa Kivu limebeba gesi hiyohiyo kwa wingi usiolinganishwa na Nyos: takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi, na 60 za methani juu yake. Vijana wa ukuta wetu hawakuhitaji kufafanuliwa. Walikuwa wamekwisha kuona picha.

Kumbe tarehe ile iliwasumbua hata waandishi wenyewe. Mwaka 1985, mafuriko yao yakiwa yamebakiza mwaka mmoja, Christin na Mézières walitoa Les Foudres d'Hypsis, ambamo janga linazuiwa. Lakini wakati haukubali kukatwa bila malipo: janga lisipotokea, Galaxity haitajengwa kamwe. Mji mkuu wa Dunia unafutika, na Valérian na Laureline wanabaki na chombo chao tu, bila serikali, bila mshahara, bila mahali pa kurudi. Kuanzia hapo hadi mwisho, mfululizo huu ni hadithi ya watu wawili wanaohemea katika nchi za wengine. Hicho ndicho kiini chake, na Goma tulikikosa kwa sababu juzuu hiyo haikuvuka kuja huku. Tuliendelea kumwazia Valérian kama askari wa dola wakati dola yake ilikuwa imekwisha kufutwa.

Hapa lazima nisimame kwenye Alflolol, kwa kuwa ndiyo albamu ninayoifundishia. Dunia imeiteka sayari isiyo na watu na kuigeuza kuwa Technorog, sayari ya migodi na viwanda, roho ya uchumi wa Galaxity. Siku moja wenyewe wanarudi. Familia moja ya watu wakubwa, watulivu, wanaoishi miaka mingi mno, walikuwa wameondoka kwa matembezi ya miaka elfu nne, na sasa wanataka kuingia nyumbani. Gavana wa Technorog si katili. Ana adabu, ana sheria, anakiri kwamba wana haki. Anachowapa ni eneo la kukaa ambalo hakuna kinachoota, kisha, wanapoona njaa, kazi kiwandani ili wanunue chakula kilichotengenezwa kutokana na ardhi yao.

Mézières alikuwa amefanya kazi ya ufugaji Utah, huko Marekani, katikati ya miaka ya 60, na Christin alikuwa akifundisha hukohuko. Wote wawili waliona kwa macho yao nchi ambako wenyewe wamewekwa pembeni. Lakini mwanafunzi wa Goma haendi mbali hivyo. SOMINKI, kampuni iliyounganisha machimbo ya bati na dhahabu ya Kivu mwaka 1976, ilikuwa na nyumba zake, hospitali zake na uzio wake. Mwaka 2000 bei ya koltani iliporuka, vilima vya Masisi vilivyokuwa malisho vikatobolewa na wachimbaji wa mikono, na jina la Rubaya likaanza kutamkwa katika ofisi za ng'ambo na watu ambao wasingeweza kuionyesha kwenye ramani. Ninapowafungulia wanafunzi ule ukurasa ambao mzee wa Alflolol anasimama mbele ya mashine, mikono yake mikubwa imelegea, hajui ashike wapi, sihitaji kueleza. Huwa nauliza swali moja tu: gavana amevunja sheria gani? Darasa hunyamaza, kisha hugombana hadi kengele.

Miaka ya 90 sitaieleza kirefu. Nani hapa haijui. Septemba 1991 askari wasiolipwa waliipora Kinshasa, na pamoja na maduka yakaenda hata matbaa. Julai 1994 takriban watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma na viunga vyake kwa siku chache, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Bede za Birere ziliwashia moto wa uji, na sioni la kulaumu. Novemba 1996 waasi wa AFDL wakautwaa mji. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, Goma ikawa makao ya waasi wa RCD, na hadi mwaka 2003 mstari wa mbele ulikuwa kati yetu na mji mkuu wetu. Mwaka huohuo wa 1998 ilitoka juzuu ya Valérian iitwayo L'Orphelin des astres, yaani yatima wa nyota. Mwaka 2001 ikatoka Par des temps incertains, yaani katika nyakati zisizojulikana zinakokwenda. Majina hayo hayakutufikia, nasi tulikuwa ndani yake.

Kisha Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka. Lava ilikata uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikachukua kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Watu laki kadhaa walivuka kwenda Gisenyi. Nyumba ya wazazi wangu ilikuwa njiani. Tulitoka na mama mgongoni kwa Yaya, magodoro mawili na sufuria. Sanduku la sabuni liko chini ya mita kadhaa za jiwe, na juu yake leo kuna duka la vipuri vya pikipiki.

Wakati huo, huko Ulaya, Wakongo walikuwa wakimalizia hadithi zao. Mongo Sisse alikuwa ametangulia na Bingo wake, albamu za mwaka 1981 na 1982, kijana anayekwenda mjini na kisha Ubelgiji. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani wa mwaka 1959, alichora Eva K. katika juzuu tatu, kisha Mandrill katika juzuu saba kati ya 1998 na 2007, zote akishirikiana na mwandishi Frank Giroud. Pat Masioni, aliyeanza Kinshasa kwa kuchora vitabu vya dini, alitoa Rwanda 1994 kwa juzuu mbili, mwaka 2005 na 2008. Hizi ni kazi zilizokamilika, zenye mwanzo na mwisho, kutoka mikononi mwa watu waliokulia kwenye matoleo yaliyochanika kama sisi. Inaniuma kwamba zilikamilikia Ufaransa. Mchoraji wa Kongo alilazimika kuhama ili apate mchapaji mwenye subira ya juzuu saba, na msomaji wa Kongo akabaki upande wa pili wa bei ya yuro. Goma hii, yenye shule nyingi na vijana wanaochora kwenye kila daftari, sijawahi kuona Mandrill nzima ikiuzwa. Kuna anayesema bede ni starehe ya wenye nafasi. Aje asimame Birere aone kijana anavyosoma, bila kupepesa macho, albamu iliyochanika ambayo hana fedha ya kuinunua.

Juzuu tatu za mwisho za Valérian nilizipata kwa mpwa wangu anayeishi Brussels. Alizituma na msafiri. Zikapita Kigali, zikavuka kwenye kizuizi kidogo cha mpaka ndani ya mfuko wa maharagwe, kwa kuwa msafiri aliogopa kutozwa ushuru. Ni Au bord du Grand Rien ya mwaka 2004, L'Ordre des pierres ya mwaka 2007 na L'OuvreTemps ya mwaka 2010. Zinahesabiwa kama juzuu ya 19, 20 na 21, na kwa kweli ni hadithi moja.

Wengi wamezisema vibaya. Wanadai Mézières alikuwa amechoka na Christin amejaza watu kupita kiasi. Nimezisoma mara nyingi na nakubaliana nao kwa sehemu. Adui ni Wawolochi, mawe meusi makubwa yanayotoka kwenye Utupu Mkuu, ukingoni mwa ulimwengu, na kuziponda sayari. Kama adui wa kuchora wanatisha, hasa katika juzuu ya pili ambamo kurasa zina weusi mpana na vyombo vidogo kama punje. Kama adui wa kusimulia ni wadhaifu: hawana tamaa wala kinyongo, wanaponda tu. Ukiwaweka karibu na Wajuzi wa Syrte unaona kilichopungua. Na vita vya mwisho vinakwenda mbio mno. Juzuu ya tatu ingehitaji kurasa nyingine thelathini ipumue.

Hata hivyo juzuu ya kwanza kati ya hizo tatu naiweka karibu na kazi zao bora. Valérian na Laureline, wasio na nchi, wamekuwa wachuuzi wa kutembea. Wanapanga bidhaa, wanasubiri wateja, wanafukuzwa na askari wa soko, wanahama. Mézières, mtu wa zaidi ya miaka sitini, anachora biashara ndogo kwa heshima kubwa: Laureline akipanga vitu vyake, mteja anayeshika bidhaa na kuirudisha, askari anayejifanya haoni huku akinyoosha kiganja. Tangu L'Ambassadeur des ombres ya mwaka 1975, walipobuni Point Central, kituo ambacho kila taifa la anga linabandika chumba chake kwenye vyumba vya wengine hadi hakuna anayejua katikati ni wapi, watu hawa wawili walielewa soko. Point Central ni Birere, pamoja na wale Shingouz watatu wenye pua ndefu wanaouza habari kwa anayelipa zaidi. Niliposoma juzuu ya 19 niliona mji wangu, safari hii kwa jicho la mtu anayepanga bidhaa chini.

Na L'OuvreTemps, pamoja na haraka yake, imefuata sheria yetu ya ukutani. Haileti mwokozi mpya. Waliokusanyika kukabiliana na mawe ni wale tuliokwisha kukutana nao njiani tangu miaka ya 70, washirika wa safari moja, wafanyabiashara, hata maadui wa zamani, kila mmoja akiwa na kile alichochorwa nacho mara ya kwanza. Wasomaji walioona huo kuwa msongamano wa kuagana wanisamehe. Waandishi waliochora kitu mwaka 1975 na kukirudia mwaka 2010 kwa mikono ileile, rangi zikiwekwa na dada yuleyule, wana haki ya kujaza ukurasa. Nikiwa na kitabu hicho mkononi nilimpigia simu Yaya, ambaye sasa anaishi Butembo, nikamsomea mwisho.

Dunia inarudi. Galaxity, iliyofutika mwaka 1985, inapata tena mahali katika wakati. Lakini wale wawili hawairudii. Wanageuka watoto, katika Paris ya siku zetu, chini ya uangalizi wa Mzee Albert, yule mtu mpole aliyekuwa akiwapokea kila walipopita karne yetu. Yaya alikaa kimya kwenye simu, kisha akasema huo ni mwisho wa watu waliokutana kwenye handaki. Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kumweleza habari ya Christin na Mézières walivyofahamiana. Sijasoma mahali popote uchambuzi unaouzidi wake. Wanaume wawili waliozaliwa 1938, wanapopaswa kuwapa mashujaa wao zawadi ya mwisho, hawawapi kiti wala medali. Wanawapa utoto wasioupata, pamoja na mzee wa kuwapikia.

Baadaye walitoa mkusanyo wa visa vifupi, Souvenirs de futurs, mwaka 2013. Mézières alifariki Januari 2022, Christin akafuata Oktoba 2024.

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wetu uliingia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wa ndege ukafungwa na benki pia. Kitabu kinachotoka Ulaya sasa ni suala la kumjua mtu anayemjua mtu anayepita Kigali. Vijana wanasoma kwenye simu, kurasa zilizopigwa picha na kutumwa mojamoja, na humo pia ukurasa wa mwisho mara nyingi haupo. Nimewaona wakimalizia kwa sauti, kwenye ujumbe wa kurekodi, na kuzomeana kama sisi.

Nyumbani kwangu, Himbi, nina rafu ya Valérian ninayoiazima bure siku za Jumamosi mchana, kitabu kimoja kwa kila mtu, mikono safi, na anayekirudisha ananisimulia alichosoma kabla ya kupewa kinachofuata. Anayeanza ninampa Alflolol, ya nne kwa hesabu, kisha namrudisha L'Empire. Les Foudres d'Hypsis simpi mtu asiyesoma La Cité des eaux mouvantes, maana hataona kilichofutwa. Juzuu tatu za mwisho zinatoka pamoja, na ndipo pekee ninapovunja sheria ya kitabu kimoja. Pengo lililobaki ni Sur les frontières, ya mwaka 1988, juzuu ya 13, ile ambamo wale wawili wanaanza maisha yao ya kutokuwa na nchi. Mwenye nayo, awe Gisenyi, Bukavu au Butembo, niko tayari kumwazima zote tatu za mwisho kwa wakati mmoja, akae nazo hata likizo nzima.